Mpangaji wa Mzee Sapar

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya mlango wa pili wa jengo letu, hapa Bishkek, upande wa kusini ambako majengo ya ghorofa tano yanafanana mpaka mtu akiingia lisilo lake hakuna wa kumcheka. Miti mirefu iliyopandwa enzi za Wasovieti humwaga sufi nyeupe kila ikifika Mei. Inaingia puani, inaingia kwenye chai, na sisi hatusogei. Dada Burul huteremka na chupa ya chai na bakuli la boorsok, vimandazi vyetu vidogo, zilizokaangwa asubuhi. Tunamwita Redio, kwa kuwa habari ikimpita yeye basi haikutokea. Temirkul tunamwita Profesa, ingawa kazi yake ya maisha ilikuwa kuendesha basi la umeme. Mzee Sapar ni Kabaila, maana ana nyumba mbili: anayokaa, ghorofa ya pili, na iliyo juu yake, ya tatu, ya kupangisha. Mimi wananiita Mgeni. Nilihamia kutoka Osh mwaka juzi, na kijiweni kwetu huo ni muda mfupi mno kumtoa mtu ugeni.

Jumamosi moja mchana akaja Kubat, mtoto wa mama Toktokan wa mlango wa kwanza. Miaka yote alikuwa Urusi akipiga vigae.

— Asalaam aleikum, wakubwa zangu.

— Aleikum salaam! Kaa hapa, — Burul akasema huku akimmiminia chai. — Mbona umenenepa? Kumbe Urusi wanakula.

— Wanakula, dada, ila nimechoka kula kwao. Nimerudi moja kwa moja. Nina vijisenti vyangu, nataka kununua ile nyumba ya ghorofa ya tano inayouzwa, niipangishe. Mimi na mke wangu tutakaa kwa mama. Sijawahi kufanya biashara hii, ndiyo nikasema nije kwenu. Mnaonaje?

Ungemwona Profesa! Alinyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa kutoa hotuba.

— Umekuja penyewe. Kwanza kabisa, ghorofa ya tano usiiguse. Tetemeko likija, ya tano inakuwa ya kwanza.

— Na ya kwanza inakuwa nini? — Burul akauliza.

— Ya kwanza inakuwa historia. Chukua ya tatu, kijana.

— Ya tatu haiuzwi, mzee. Inauzwa ya tano.

— Basi subiri.

— Nisubiri tetemeko?

Tulicheka, isipokuwa Mzee Sapar. Yeye alikuwa anatoa sufi gotini, punje moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

— Usimsikilize huyu, — Burul akasema. — Kubat, mdogo wangu, shida ya ya tano ni paa. Kabla hujatoa hela, panda uangalie dari ya jikoni kama ina madoa. Halafu waulize majirani mabomba ya kupashia nyumba joto yalikuwaje Januari. Yale maji ya moto yanaanzia chini. Yakifika huko juu yameshachoka kama mimi.

Hapo, kusema kweli, alisema la maana. Tatizo ni kwamba Burul hajui kuishia kwenye la maana.

— Na mpangaji usimchague kwa maneno. Mchague kwa viatu. Akija kuangalia nyumba atavivua mlangoni. Vikielekea ndani, huyo hatoki, atakung'ang'ania mpaka uzeeke. Vikielekea nje, huyo ataondoka kimyakimya na bomba zako.

— Na akivilaza ubavu?

— Huyo mwanasheria. Mkimbie.

Profesa hakukubali kushindwa na viatu.

— Hayo ni mambo ya kina mama. Mimi nakupa ya kisayansi. Pangisha watu wasioelewana. Chumba hiki mtu wa kaskazini, kile mtu wa kusini. Wakichukiana, kila mmoja atakuletea habari za mwenzake. Wewe unakunywa chai kwa mama, nyumba inajilinda yenyewe.

— Na wakipatana?

— Unapandisha kodi, wagombane nani alipe zaidi.

— Mimi nafikiri aandike tu mkataba wa maana, — nikasema.

— Mgeni naye! — Burul akanipunga mkono. — Mkataba wa nini? Kwani anapangisha mahakama?

— Kodi ndiyo yenyewe, — Profesa aliendelea, sasa amepamba moto. — Mpangaji akizoea bei, amezoea nyumba. Akizoea nyumba, anaanza kupigilia misumari ukutani, kesho anakuita kaka. Bei ikipanda mtaani, panda nayo siku hiyohiyo. Usimwonee mtu haya. Nyumba ni biashara.

— Hayo uliniambia mimi.

Alikuwa Mzee Sapar. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina la mahali.

— Maneno hayohayo, Temirkul. Na ulikuwa umekaa hapohapo.

— Mzee, yale yalikuwa mambo ya wakati ule…

— Sikulaumu. Wewe ulisema tu. Aliyepanda ngazi ni mimi.

Kubat aliweka kikombe chini.

— Mambo gani, baba?

Hata mimi nilikuwa sijayasikia. Nilijua tu kwamba ile ghorofa ya tatu mapazia yake hayafunguliwi, na kwamba mzee hapendi kuulizwa.

— Juu yangu alikuwa anakaa binti mmoja, Zuura, — Mzee Sapar akaanza. — Mtu wa Naryn, mwembamba, na mtoto wake wa kike. Mume alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata na mke hukohuko. Zuura alikaa kwangu miaka sita. Mchana anashona kiwandani, jioni anashona nyumbani. Mimi ile cherehani ilikuwa inanikera. Lakini marehemu mke wangu, Kanyshai, alikuwa hapati usingizi mpaka aisikie. Mimi nasikia kelele, yeye anasikia mtu.

— Alikuwa anateremka kumsuka nywele, — Burul akaeleza, akitugeukia mimi na Kubat. — Mikono ya marehemu ilikuwa imekakamaa, hawezi kujisuka. Jumapili Zuura anakuja na kitana chake, wanajifungia chumbani, wanacheka kama wasichana. Mimi nilikuwa nawasikia mpaka kwangu.

— Halafu ukaja ule mwaka Warusi walipomiminika hapa wakikimbia kupelekwa vitani, — Mzee Sapar akaendelea.

— Naukumbuka, — Kubat akasema. — Wao wanakuja kwetu, mimi nipo kwao.

— Kodi ikapaa. Dalali alinisimamisha pale kwenye ngazi. Ananiambia, mzee, una dhahabu halafu umemkalisha juu yake fundi cherehani. Akanitajia bei mara tatu ya ile ya Zuura, na kwa dola. Nikaja hapa kijiweni kuuliza. Mkanishauri.

— Jengo zima lilikuwa linafanya, mzee, — Burul akasema taratibu. — Kila mtu alikuwa anafanya.

— Ndiyo, na mimi nikafanya. Kanyshai alikataa. Aliniambia, Zuura akiondoka mimi nitamsemesha nani? Nikamjibu, hizo hela ni za dawa zako. Na ilikuwa kweli, Kubat. Ndiyo maana inaniuma. Ingekuwa ni uroho mtupu ningeshatubu nikamaliza.

Profesa alichukua boorsok, akaishika tu.

— Nikampa wiki moja. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, mtoto anasoma hapa jirani. Hakubishana. Aliniuliza tu kama anaweza kuongeza kidogo, akataja hicho kidogo chake, na kilikuwa hakifiki popote. Siku ya kuhama, cherehani aliiteremsha mwenyewe, anaiegemeza tumboni, anapumzika kila ngazi. Benchi hili lilikuwa limejaa watu.

— Nilikuwa naumwa mgongo, — Profesa akasema.

— Ulikuwa unaumwa mgongo. Na mimi nilikuwa nimejificha ndani, nachungulia kwenye pazia.

— Mzee, si lazima uyaseme yote, — Burul akamwambia.

— Kijana ameuliza. Basi, baada ya vitu kushuka akaja kugonga kwangu. Nikafungua mlango nusu. Akaniambia, baba, nimekuja kumuaga mama. Kanyshai alikuwa macho, yuko kitandani anasikiliza taarifa ya habari. Nikamwambia Zuura, mama amelala.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alijibu mwenyewe.

— Niliogopa. Nilijua wakionana watalia, na wakilia mimi nitashindwa, nitarudisha maneno yangu, na dalali alikuwa ameshaniletea watu. Zuura akasema, haya baba, nitakuja siku nyingine. Mtoto wake alikuwa nyuma yake, ameshika sufuria.

— Akaja hiyo siku nyingine? — Kubat akauliza.

— Hakuja. Ningekuwa yeye nisingekuja.

— Na hao Warusi?

— Sina ubaya nao. Mtu na mke wake na paka. Watu wa kimya, wanalipa mapema. Machipuko yalipofika wakapata njia ya kwenda kwingine. Waliacha funguo mezani na boksi la peremende. Bei zilikuwa zimeshaanza kushuka, kila mwenye nyumba anatafuta mpangaji. Lakini si hilo. Jioni ya kwanza Zuura alipokuwa hayupo, Kanyshai ananiuliza, mbona leo hashoni? Nikamwambia, amehama, amepata pengine. Akaniuliza, bila kuniaga? Hapo ndipo ningesema. Nilinyamaza. Halafu, nisikilize vizuri, nikaongeza: vijana wa siku hizi, unawajua.

Burul aliweka mkono mdomoni. Hiyo, naona, hata Redio ilikuwa haijamfikia.

— Hukuniambia hilo, — alisema.

— Sikumwambia mtu. Akageukia ukutani. Baridi ilipokolea akapata kiharusi. Maneno yalimrudia kidogokidogo, mkono haukurudi. Siku moja nikasema nimsuke mimi. Nikamsuka hovyo, nywele zinakatika kwenye kitana. Akanitoa mkono: acha, Zuura ndiye anajua. Halafu akakumbuka kwamba amemkasirikia, akafumba macho. Tulikuwa peke yetu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli, Kubat, hakuna hata dalali. Nikamalizia kusuka. Alifariki kabla ya sikukuu ya Nooruz, na mpaka anafariki alijua Zuura amemtupa.

Watoto walipita na baiskeli wakipiga kelele, wakazunguka jengo. Tulisubiri kelele ziishe.

— Tangu hapo sijapangisha, — alisema. — Dalali akija namwambia bomba mbovu. Bomba ni nzima. Kwa hiyo, mwanangu, kuhusu hiyo ya ghorofa ya tano. Inunue. Paa uliangalie, mabomba ya joto uulizie, hayo Burul yuko sawa. Mkataba andika, Mgeni naye yuko sawa. Hela ya matengenezo iweke kando kabla hujaanza kula kodi, na ujue kuna miezi itakaa tupu, usije ukaipangia hesabu ya miezi yote. Ukipata mtu anayekaa vizuri, mwache akae. Usimtoe kwa sababu dalali amepita. Na ikibidi mwachane, akija kuaga, mwache aage.

Kubat alibana mikono yake ya kazi katikati ya magoti.

— Baba, — akasema mwishowe, — na Zuura anajua kwamba mama amefariki?

— Sijui. Ile namba yake haipatikani.

— Basi twende tukamtafute. — Alishasimama, anapapasa mfukoni. — Gari ya shemeji iko hapo nje, na leo Jumamosi viwanda vingi viko kazini. Alikuwa anashona kiwanda gani?

Mzee Sapar akamgeukia Burul.

— Cha nguo, — Burul akasema.

— Vya nguo viko vingi mji mzima, dada. Kinaitwaje? Kiko upande upi?

— Kile… alikuwa anapanda basi hapo kona.

— Basi la kwenda wapi?

Burul akamtazama Profesa. Profesa alikuwa anaitazama ile boorsok.

— Haya, kwao Naryn ni kijiji gani? Baba yake anaitwa nani? Nitapiga simu, nina watu huko.

Nilimtazama mmoja mmoja. Hawakuwa wanaficha. Walikuwa wanatafuta kweli, kama mtu anayejipapasa mifuko yote kutafuta hela akijua kabisa hazimo.

— Mtoto alikuwa na begi jekundu, — Mzee Sapar akasema. — Alikuwa akipita hapa asubuhi, anatusalimia. Begi jekundu, kamba moja imeshonwa kwa uzi mweupe.

Kubat alisimama pale, funguo mkononi, akingoja aambiwe aelekee wapi.