Bi Mtihani wa Chumba cha Kujalidi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tano kati ya saba wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978, na kote huko aliongoza darasa.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu, na tarehe 20 Desemba 1986 akafunga ndoa na fundi umeme wa hapohapo, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1988 na wa kike mwaka 1992.

Agosti 1989 wafanyakazi walifundishwa huduma ya kwanza kwa siku tatu, wakafanya mtihani wa maandishi, dada yetu akapata maswali arobaini na nane kati ya hamsini, akakabidhiwa cheti na kisanduku cha dawa. Siku tisa baadaye mashine ya kukata karatasi ilimchana mwenzake mkono, na yeye, aliyeeleza vizuri kabisa namna ya kuzuia damu, alisimama kama gogo, kakumbatia bunda la karatasi, mpaka mfagiaji, aliyepata kumi na tisa katika mtihani uleule, akavua aproni safi aliyoivaa asubuhi hiyo, akaikunja na kuigandamiza kwenye jeraha. Majeruhi alipona, na yumo humu ndani leo. Dada yetu alirudisha cheti kwa meneja, akasema, "Hiki nimekipata kwa kalamu tu."

Tangu hapo hakutulia. Alikuvizia mlangoni, kwenye ngazi, hata ukiwa na chai mkononi: "Mwenzako kaungua na gundi ya moto, unafanya nini?" Aliyejibu dawa ya meno alipelekwa bombani, akashikishwa mkono chini ya maji yanayotiririka kwa dakika ishirini nzima, ili asisahau. Watu wakamwita Bi Mtihani, wengine wakajifungia chooni wakisikia viatu vyake. Kijana aliyekuja kumposa binti yake aliulizwa habari za mtu aliyepaliwa na chakula, akajibu apewe maji, na posa ikasogezwa wiki mbili. Wengi walicheka, lakini alimwambia mdogo wake anayewasomea haya kwamba kila akiona mtu anajibu sawasawa roho yake ilizidi kumdunda, kwa kuwa naye aliwahi kujibu sawasawa.

Tarehe 11 Februari 2003 mume wake alinaswa na umeme kiwandani, na dada yetu, aliyekuwa karibu kuliko wote, hakumgusa, alikimbilia swichi kuu akaizima kwanza, kisha akamrudia. Shemeji yetu alipona. Tulidhani sasa atatulia, akasema mara moja si kipimo, na Jumatatu akaanza upya.

Alistaafu mwaka 2021, akiwa ameshagundulika ana ugonjwa wa moyo. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alianguka jikoni kwake. Binti yake alimwita, akaona hapumui, akamwagiza jirani apige simu, akaanza kumkandamiza kifua, wakapokezana na jirani huyo kwa dakika kumi na tisa mpaka gari la wagonjwa likafika. Hakuzinduka. Toka siku hiyo binti yetu hali wala hakai, anauliza alikosea wapi, hivyo familia imeagiza maneno ya daktari yasomwe mbele ya wote: "Hakuna kilichosahaulika, moyo wenyewe ndio uliochoka." Mwanetu, umesikia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, dereva wa gari la wagonjwa, jirani aliyepiga magoti pale sakafuni, na ninyi wenzake wa kiwandani mliomvumilia.

Dada, wamejibu wote. Kaa kitako sasa, upumzike kwa amani.