Mzee Abdulhakim na Picha Aliyoichagua Badria

Mwisho wa mwezi huu wa Juni, Mzee Abdulhakim Kificho anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga picha katika studio yetu hapa Mkunazini. Mimi nimefanya naye kazi zaidi ya miaka kumi, yeye ndani na kamera yake, mimi mbele na wateja wake wenye hasira, kwa hiyo kazi ya kuandika maneno haya nimetupiwa mimi. Nimeipokea kwa mikono miwili, na kwa moyo mzito kidogo.

Alianza enzi za filamu, katika chumba cha giza ambacho siku hizi tunawekea mafeni mabovu. Waliokuwepo wanasema alikuwa akiingia humo baada ya alasiri, na asipokwenda mtu kumgongea husahau hata chakula chake. Zikaja kamera za kidijitali, zikaja simu, studio za jirani zikafunga moja baada ya moja, yeye yupo tu. Maharusi wa Malindi na Vikokotoni, wazee wanaokwenda hija, watoto waliohitimu, wote wamepita mbele yake. Vijana aliowafundisha kazi leo wana studio zao mpaka Chake Chake.

Sasa tuseme ukweli. Mzee huyu ni mzito, jamani! Picha ambayo kwa mwengine ni kukaa na kuinuka, kwake ilikuwa safari. Kwanza akuulize kwenu wapi. Halafu akunyooshee kola. Halafu anyamaze, akutazame, feni likizunguka juu na jua la saa kumi likipenya kwenye vioo vya rangi vya dirisha, likipaka sakafu kijani na manjano, mpaka usingizi ukunyemelee. Ukishasahau kwamba umekuja kupigwa picha, hapo ndipo anapobonyeza. Wateja walikuwa wakitoka humo ndani polepole, kama watu walioamshwa, hata hawakumbuki tena kunigombeza kwa ile foleni.

Alikuwa na msimamo wake mmoja. Picha ya uso mtupu, alisema, ni ya kitambulisho. Picha ya mtu lazima ionyeshe anamtazama nani. Kwa hiyo aliyetaka picha ya kutia kwenye fremu akaja peke yake, alirudishwa nyumbani akalete mtu wake, na huyo mtu alikalishwa kwenye kigoda ubavuni mwa kamera. Bosi alilalamika weee, mpaka akachoka. Siku moja mteja mmoja aliapa hana mtu, nikakalishwa mimi. Bahati mbaya nilikuwa nimetoka kugombana naye kwa kutuingilia na viatu vyenye matope. Picha ikatoka imenuna vibaya sana, na Mzee akasema hiyo haina kasoro hata moja.

Lakini mimi nitakalolikumbuka ni la Badria. Mwaka jana, harusi yake ikikaribia, aliletwa kutoka Matemwe na mama yake mdogo, Bi Mwanapili, mkulima wa mwani. Bi Mwanapili na marehemu Mwanakheri, mama mzazi wa Badria, walikuwa pacha wa kufanana. Mwanakheri alifariki siku aliyojifungua, na kwa kuwa alikuwa mwoga wa kamera, hakuacha picha hata moja. Binti alikuwa anakwenda kuolewa hana hata picha moja ya mama yake, na jambo hilo likimkosesha raha Bi Mwanapili kuliko hata mtoto mwenyewe. Ndipo alipopata wazo: apigwe yeye, amevaa kanga za marehemu alizozihifadhi sandukuni, Badria apate angalau picha ya mama ya kwenda nayo.

Mzee akakubali, na mara hiyo hakudai mtu wa kukaa kigodani. Bi Mwanapili akakaa, akalaza kichwa upande kama alivyokuwa akifanya nduguye, akacheka kicheko cha nduguye. Picha zikatoka safi. Matemwe nzima ingeapa ni Mwanakheri. Yeye mwenyewe alipozitazama akaanza kulia. Akasema huyu si pacha wake, huyu ni yeye anayemwigiza, na sasa anaogopa atamsahau hata yule wa kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai mkononi, sijui niiweke wapi.

Mzee akazima taa zote, akaacha mwanga wa dirishani tu. Akamwita Badria, akamkalisha kwenye kigoda, akamwomba Bi Mwanapili amsimulie mtoto siku alizokuwa mchanga. Akasimulia alivyompokea hospitali akamfunga kifuani kwa kanga. Alivyokuwa akimlaza kivulini pwani huku yeye akifunga mwani kwenye kamba, kila mara akigeuka kumwangalia kama anapumua. Sauti yake ikazidi kushuka. Chumba kilinukia udi wa zile kanga, na sisi wote tulikuwa kama tunaota. Sidhani kama yupo aliyeisikia kamera.

Picha mbili kubwa zikawekwa mezani: Mwanakheri wa kuigiza, na Mwanapili anayemtazama Badria. Uso ni ule ule, kanga ni zile zile. Badria alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema mama yake, Mungu amrehemu, wataonana mbele ya haki, na huko hatahitaji picha ya kumjulia. Akaiinua ile ya pili akaikumbatia, akasema hii ndiyo ya kutundika nyumbani kwake, na watoto wake wakiuliza ni nani, atawaambia huyu ndiye mama. Bi Mwanapili, ambaye miaka yote alimkataza binti huyo kumwita mama kwa heshima ya nduguye, safari hii hakumkataza.

Ahsante sana, Mzee wetu. Nenda kapumzike kwako Kizimkazi, Mwenyezi Mungu akujaalie afya, umri na utulivu wa moyo, na siku ukija mjini usitupite.

Sumaiya Mudrik, Mapokezi