Clotilde Mujinga, Mshonaji wa Kamalondo Aliyejenga Motokari Thelathini na Moja

Padri wetu, wazee wa jamaa, majirani wa Kamalondo na wa Katuba, na ninyi nyote mliolala nasi hapa kwenye kilio tangu siku ya Alhamisi, jamaa imenipa mimi, Léonard Kapya, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya yaya wetu, dada yetu mkubwa Clotilde, nami nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mkiniona nasimama katikati ya mstari, mnivumilie kidogo.

Clotilde Mujinga Kapya alizaliwa Kabalo, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Pierre Kapya, fundi wa reli, na wa marehemu Constance Ngoie, na nyuma yake tukazaliwa sisi watatu, ambao wawili walitangulia zamani, nikabaki mimi. Mwaka 1963 baba alihamishiwa kwenye karakana ya reli ya mji huu, jamaa nzima ikashuka kwa treni, tukapanga nyumba ya vyumba viwili hapa Kamalondo, ambamo yaya aliishi mpaka siku ya kuolewa kwake.

Alisoma shule ya msingi kwa masista tangu mwaka 1963 hadi 1969, kisha akaingia shule ya kukata na kushona nguo, akatoka na cheti chake tarehe 2 Julai 1975, na sista aliyemfundisha alimwambia mama kwamba nguo za Clotilde ukizigeuza ndani hujui kama umezigeuza, kwa vile mishono yake ilikuwa safi pande zote mbili.

Alipokuwa bado shuleni, mwaka 1971, baba alinunua motokari kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya, Peugeot 403, ambayo haikuwa mpya, lakini kwetu ilikuwa kama ndege. Wengi wenu mlio hapa mliipanda, maana ilipeleka maharusi kanisani, ilipeleka wagonjwa hospitali, ilileta mahindi ya shambani, na Jumapili ilitubeba sote, baba kwenye usukani, mimi mbele karibu naye, yaya na mama nyuma pamoja na wengine. Baba alipofariki, tarehe 19 Septemba 1998, alituachia neno kwamba motokari ile isiwe ya mtu mmoja, iwe ya watoto wote.

Kazi ya kushona aliianza mwaka 1976 katika atelier, karakana ya kushonea, ya mama mmoja wa mtaa huu, mwaka 1983 akafungua ya kwake, na tangu 1994 hadi 2019 alifundisha wasichana kushona katika kituo kimoja cha Katuba, akipanda basi kila asubuhi na kurudi jioni, na wanafunzi wake ndio hawa mnaowaona wamevaa kitambaa cha zambarau, walichokishona wenyewe kwa siku mbili.

Tarehe 7 Julai 1979, katika parokia yetu, alifunga ndoa na Donat Mbuyi, fundi wa umeme, mtu wa Kasai, mpole, mwenye kucheka polepole, na Mungu akawapa watoto wawili, Gauthier, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1980 na anayefanya kazi ya umeme kwenye mgodi wa Kinsevere, na Syntiche, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1983, ambaye ni mwalimu, na hao wakamzalia wajukuu watano.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa kuliona tu, yaani zile motokari ndogo. Zilianza mwaka 1986, wakati Gauthier alipomletea mama yake kigari cha nyaya alichokitengeneza na wenzake barabarani, yaya akakishika, akakigeuza, akasema magurudumu hayako sawa, akakaa chini na koleo la mume wake, na alipoinuka jioni alikuwa amekunja Coccinelle nzima, ile motokari ndogo kama kobe, mgongo wake wa mviringo na taa zake mbili. Tangu siku ile hakuacha. Bati alilipata kwenye mikebe ya maziwa ya unga, matairi aliyakata kwenye mipira ya ndani ya baiskeli, vioo vilikuwa plastiki ya kufungia mashati mapya, viti alivishona kwa vipande vya nguo za wateja wake, na rangi ilikuwa ile ya kina mama ya kupaka kucha, aliyoipaka mara sita au saba, akiisugua kwa msasa laini kila ikikauka, na ili vumbi lisiiguse alikuwa akiikaushia ndani ya kabati la nguo, hivyo nguo za Donat zilinuka rangi ya kucha mpaka kanisani.

Hakujenga gari ambalo hakulishika kwa mikono. Alimtafuta mwenye gari, akamsalimu, akamwomba ruhusa, akalipima kwa utepe uleule wa kupimia nguo, mita moja ya barabarani ikawa sentimita tano mezani, na wenye magari walizoea kumwona yule mama amepiga magoti mbele ya Mercedes ya zamani au Chevrolet ya zamani, akiandika hesabu zake kwenye daftari la wateja, kati ya blauzi ya fulani na sketi ya fulani. Mimi nilicheka. Ninalisema mbele yenu kwamba nilimcheka mwanamke mzima anayechezea magari, lakini Donat hakucheka hata siku moja, yeye ndiye aliyetia taa za kuwaka ndani ya zile kubwa, na alipofariki, tarehe 23 Oktoba 2004, yaya alikaa mwaka mzima bila kugusa koleo.

Tarehe 11 Machi 2009, siku ya Jumatano, mimi niliuza Peugeot ya baba. Ilikuwa imesimama miaka mingi kwenye uwanja wangu wa Katuba, haitembei, nami nilitaka nafasi ya kujenga duka, watu wa vyuma chakavu wakapita, nikakubaliana nao, wakaikata palepale na kuipakia kwenye lori, wala sikumwambia yaya, ingawa nilijua neno la baba kama alivyolijua yeye. Alikuja kesho yake kutusalimu tu, akakuta doa la mafuta kwenye udongo, akalitazama kwa muda mrefu, hakupiga kelele, hakulia, alisema tu, "Léonard, ungeniita hata niiage," kisha akaenda kungoja basi. Baada ya hapo tulipitisha miaka sita tukisalimiana kwenye misa kama watu wa parokia tu, alinipa mkono, nikampa mkono, na kila mtu akaenda kwake, na mama Constance alifariki mwaka 2012 hajatuona tukila sahani moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili tarehe 16 Agosti 2015, baada ya misa, alibisha mlangoni kwangu, amebeba kitu alichokifunga ndani ya kitenge, mke wangu akamkaribisha, akaketi, akafungua kile kitenge mezani, na mimi nikaona Peugeot 403 ya baba, urefu wake sentimita ishirini na mbili, bado haijapakwa rangi, bati tupu, lakini ilikuwa yenyewe, hata pale kwenye mlango wa nyuma ambapo baba aligonga nguzo ya lango, yaya alikuwa ameliponda bati kidogo. Ndani ilikuwa tupu upande wa mbele. Akaniambia, "Miye nilikuwaka naikala nyuma na mama, weye ulikuwaka naikala mbele na baba. Mbele sikumbuke. Uniambie ilikuwa je."

Nilitazamia aje kunihukumu siku moja, sikutazamia aje kuniuliza. Nikataka kumwomba msamaha, nikaanza vibaya, nikasema habari za duka na za nafasi, akanikatiza, na maneno yake niliyaandika jioni ileile ili nisiyasahau, alisema, "Wale wengine balishakufa. Ni weye moja tu mwenye kubakia mwenye kuijua. Nikikuweka kasirani mpaka tutakufa, ile motokari nitaiuliza kwa nani?"

Basi nikamweleza, kwamba rungu la gia lilikuwa kwenye shingo ya usukani, si sakafuni, kwamba kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, kwamba usukani ulikuwa na ufa ambao baba aliuzungushia utepe mweusi wa umeme, na kwamba upande wa kulia kulikuwa na kisanduku ambamo aliweka rozari na bisibisi, na yeye akachora, akafuta, akachora tena. Tuliketi hivyo Jumapili kumi na moja. Jumapili ya tatu, nilipokuwa nimemshikia usukani mdogo kwa kibanio cha nyusi naye anaufunga uzi mweusi, alisema bila kuinua kichwa, "Ile maneno ilishaisha, Léonard," nami nikajua ni maneno gani, nikaendelea kushika usukani kwa sababu gundi ilikuwa haijakauka. Tuligombana tena kwa jambo moja tu, la rangi, yeye akisema ilikuwa ya buluu hafifu, mimi nikisema ya kijivu, picha tulizokuwa nazo zote hazina rangi, mwishowe akaipaka buluu, na mpaka leo nasema ilikuwa ya kijivu.

Kuanzia hapo alijenga nyingine kumi, na mimi nikawa msaidizi wake, mzee mwenye miwani anayekata matairi. Mwezi wa Julai 2018 zilionyeshwa siku tatu katika ukumbi mmoja wa mjini, watu wakapanga mstari, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa teksi akaikuta teksi yake ya zamani, akaomba kiti, akakaa mbele yake hadi kufunga. Mgeni mmoja alitaka kununua zote, yaya akakataa kwa heshima, kisha, mwaka uliofuata, akaanza kuzigawa, kila moja kwa jamaa ya mwenye gari alilolipima zamani, na Peugeot akaniletea mimi.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa kwake mwezi wa Februari 2016, mwaka 2021 jicho lake la kushoto likazimika, akaendelea na la kulia, gari lake la thelathini na moja, Land Rover ya masista, akalimaliza tarehe 8 Desemba 2023 kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, akaweka koleo mezani, akasema inatosha. Figo zilipoanza kushindwa alilazwa hospitali tarehe 2 Juni 2025, na Jumatatu tarehe 9 alituita mimi na watoto wake, akapanga mambo yake yote kwa utulivu, nani achukue cherehani, nani akae na daftari, na kwangu akasema, "Weye utasoma historia yangu. Usifiche ya Peugeot. Useme vile ilikuwa, na useme tulipatana." Aliaga dunia Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Syntiche akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na miezi mitatu. Yaya, nimesema.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku kumi na saba, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyemsomea magazeti alipokuwa haoni tena, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na mkaa kabla hatujaomba, mwenye baa ya kona aliyezima muziki wake siku tano bila kuambiwa, washonaji wenzake wa Kamalondo, walimu na wanafunzi wa Katuba, wafanyakazi wenzake Gauthier waliosafiri kutoka Kinsevere, wanakwaya, na padri wetu aliyempa sakramenti ya wagonjwa mara mbili.

Na mimi mwenyewe namshukuru Mungu kwa miaka kumi ambayo sikuistahili, ya kuketi meza moja na dada yangu. Yaya Clotilde, kazi umeifanya vizuri na umeimaliza, pumzika sasa katika amani ya Bwana, utusalimie baba na mama, na uwaambie kwamba watoto wao walikula sahani moja.