Madawati Kumi na Moja Yasiyo na Watu

Benchi la nje ya kituo cha mafuta cha Kessel, mji mdogo wa magharibi kabisa mwa Nebraska, halijawahi kupoa tangu lipigiliwe misumari. Ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi wenyewe wameshakaa, kila mtu na kofia yake na kikombe chake, wanaangalia malori yaliyojaa viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari, yakielekea kiwandani na kudondosha kimoja kimoja kila yanapokata kona. Kulia hukaa Hakimu, jina lake halisi Herschel Pruett, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. Jina hilo alilipata kwa miaka ishirini ya kuhukumu nguruwe kwenye maonyesho ya wilaya. Katikati hukaa Redio, ambaye ukimwamkia tu umeshapoteza nusu saa. Kushoto hukaa Spana, fundi matrekta, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote ya ajabu. Asubuhi hiyo ya Oktoba 1994, baridi ikiuma masikio, akawatokea Mwalimu Ofelia Barrientos, amekumbatia picha kubwa ya fremu aliyoitungua kwenye ukuta wa korido ya shule.

Mwalimu hakuwa amelala vizuri. Anafundisha historia ya Marekani darasa la nane, na kwa siku tatu alikuwa akimfukuzia Hakimu, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule. Wajumbe wawili wanalitaka somo lake jipya, wawili hawataki hata kulisikia, basi wakamtupia mwenyekiti mzigo wote. Asipotia sahihi karatasi ya ruhusa kabla ya kengele ya saa mbili, watoto watarudi kwenye kitabu, kurasa za marais, na habari itakuwa imeishia hapo. Njia nzima alijiapiza kwamba leo haondoki bila jibu, hata wazee wamwone mkorofi namna gani.

Redio: Mwalimu! Siku hizi unaiba mali ya shule?

Mwalimu: Nimeazima. Za asubuhi, wazee wangu.

Hakimu: Kama umekuja na ile karatasi, rudi nayo. Nilisema nitafikiria.

Mwalimu: Unafikiria tangu Jumatatu, mzee. Hebu sogeeni nikae.

Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Spana ndiye aliyesogea, kwa mshtuko zaidi kuliko kwa adabu, na Mwalimu akajibana hapo, akailaza picha magotini. Darasa la nne, Oktoba 1941. Watoto kumi na tisa, nywele zimechanwa kwa maji, mikono imekunjwa juu ya madawati. Na kati yao madawati kumi na moja hayana mtu.

Hakimu: Huyo wa mbele mwenye tai ni mimi.

Redio: Masikio ni yaleyale! Mwili ndio ulioyafuata baadaye.

Mwalimu: Sasa niambieni. Hawa kumi na mmoja wako wapi?

Redio: Swali jepesi hilo. Kamera za zamani zilikuwa finyu, bwana. Watu wengine walikuwa hawaenei.

Mwalimu: Dawati limeenea, mwenye dawati hajaenea?

Redio: Basi ni surua. Enzi zile surua ilikuwa haina mchezo, inafagia darasa zima.

Mwalimu: Ukutani ziko picha ishirini na sita. Zote zimepigwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na zote zina madawati matupu. Surua gani hiyo inayosoma kalenda?

Redio: Surua ya Nebraska. Usiichezee.

Spana: Mpiga picha alikuwa jasusi.

Wote wakamgeukia. Spana akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu aliyekwisha kutoa ushahidi wake.

Hakimu: Jasusi wa nani?

Spana: Wa Wajerumani. Anakuja, anawatoa watoto nje, anapiga picha, anaituma kwao. Kule wakubwa wanahesabu. Wanaona Kessel haina watu, Nebraska haina watu, Marekani nzima haina watu. Wanaingia vitani vifua mbele. Wanachapwa.

Redio: Kwa hiyo vita tulishindia hapa kwetu?

Spana: Sijasema mimi. Umesema wewe.

Redio: Unazingua, Spana. Mjerumani aje Kessel kutafuta nini, na nusu ya mji ni bibi zako wa Kijerumani? Mimi nakwambia ni Washington. Walitaka tuonekane wachache ili barabara ya lami ipite mji wa jirani. Na kweli imepita wapi? Si kwa jirani?

Mwalimu alicheka, na akajikasirikia kwa kucheka. Hivyo ndivyo walivyommaliza Jumatatu na jana. Walimchekesha mpaka saa yake ikaisha, akarudi shuleni mikono mitupu. Akafuta vumbi kwenye kioo cha picha kwa mkono wa sweta.

Mwalimu: Mnajua walikuwa wapi. Wote watatu mnajua.

Lori likapita, nalo likaacha harufu ya udongo mbichi. Redio akashughulika na kofia yake.

Hakimu: Shambani. Walikuwa shambani wanakata majani ya viazi na wazazi wao. Haya, nimesema, umefurahi? Watoto wa vibarua walikuwa wanaingia darasani mavuno yakiisha, Novemba. Mpiga picha alikuwa na nafasi Oktoba. Hakuna aliyemficha mtu, Mwalimu. Ni tarehe tu ilipangwa hivyo.

Mwalimu: Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewaza kuisogeza mbele mwezi mmoja.

Hakimu: Hakuna aliyewaza! Sasa kutowaza nako ni kosa? Isitoshe, jambo lenyewe kila mtu hapa analijua. Jambo linalojulikana unalifundishia nini? Wafundishe katiba. Wafundishe vita vya wenyewe kwa wenyewe, wafundishe marais. Hiyo ndiyo historia ya Marekani.

Mwalimu: Na sukari ya kwenye kahawa ya hao marais ilivunwa na nani?

Redio: Lo! Hakimu, hiyo imekupata.

Hakimu: Wewe kaa kimya. Mwalimu, wazazi wananipigia simu. Wanasema unawafundisha watoto kuwaonea aibu babu zao. Wengine wanasema una kisasi chako, ukoo wako wote mlikuwa vibarua wa viazi.

Hilo lilimchoma. Alihisi uso ukimwaka licha ya baridi, na kwa muda alitamani kuinuka aondoke zake, awaachie benchi lao na mji wao. Akaikamata fremu kwa mikono miwili.

Mwalimu: Baba yangu alivuna Colorado, mzee. Kessel sina ugomvi na mtu. Na aibu ya mtu siitaki, nitaipeleka wapi? Nataka majina. Basi. Daftari za mahudhurio ziliungua na shule ya zamani, kwa hiyo majina yamebaki kwenye vichwa vyenu tu. Nataka kila mtoto achukue picha moja, apite nyumba kwa nyumba aulize: hapa alikaa nani, na hapa alikaa nani. Wajifunze kuuliza. Mwaka huu tumeshazika watu saba wa rika lenu.

Redio: Usituhesabu, Mwalimu, tafadhali. Tunakunywa kahawa.

Mwalimu: Nawahesabu. Nitawahesabu hapa hapa mpaka Hakimu atie sahihi.

Hakimu: Mimi nasema mji huu tunafahamiana. Hatuhitaji watoto waje kutuuliza mlangoni kama polisi.

Mlango wa kituo ukafunguka, akatoka dereva wa lori, mama wa makamo mwenye glavu za ngozi, kikombe cha kahawa kikifuka mkononi. Hawakumjua. Alikuwa mmoja wa wale wanaokodiwa wakati wa mavuno kutoka majimbo mengine, na lori lake lilikuwa kwenye foleni ya mzani. Alisimama nyuma ya benchi akiiangalia picha kupitia bega la Mwalimu.

Dereva: Picha nzuri. Kuna wenu humu?

Redio: Huyu hapa mwenye tai. Ukimtazama sasa hutaamini.

Dereva: Naamini, masikio yanamtaja. Na huyu jirani yako, wa hili dawati tupu ubavuni kwako, alikuwa anaitwa nani?

Aliuliza hivihivi tu, kama mtu anavyouliza njia. Hakimu akafungua mdomo kujibu, maana alikuwa na uhakika kwamba analijua.

Hakimu: Aliitwa... Subiri. Ninalo hapa kwenye ulimi. Alikuwa hana ukucha wa kidole hiki, kisu cha viazi kiliuchukua. Alikuwa anakuja na mikate ya mahindi imefungwa kwenye kitambaa, bado ya moto, ananikatia nusu. Mimi nampa tofaa. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Tulikaa pamoja majira yote ya baridi, mpaka Mei. Aliitwa...

Akamtazama Redio, na Redio akatikisa kichwa. Akamtazama Spana, aliyekuwa darasa moja nyuma yake, na Spana akainama kuangalia viatu vyake. Dereva akaona amegusa mahali, akasema pole, akaenda kwenye lori lake kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.

Maneno yalikuwa yamejaa kinywani mwa Mwalimu. Angeweza kuyasema yote, na yote yangekuwa kweli. Akayameza. Alimwona mzee akivua kofia na kuishika magotini, macho yakiwa kwenye lile dawati, midomo ikijaribu jina moja, ikiliacha, ikijaribu jingine, na alimhurumia kuliko alivyotarajia. Saa ya kituoni ilikuwa inakaribia saa moja na nusu. Hakuna aliyerudi ndani kujaza kikombe.

Hakimu: Iko wapi hiyo karatasi?

Mwalimu akaitoa kwenye mkoba pamoja na kalamu. Hakimu akaiweka juu ya kioo cha picha, akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja. Akamrudishia.

Hakimu: Hii picha uwape watoto wawili. Sio mmoja. Na uwape wasiochoka haraka.

Mwalimu: Nitawapa, mzee.

Hakimu: Wakilipata jina lake, nipigie simu. Hata kama nimelala, niamsheni.