Kistari Mbele ya Jina

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Mkuu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, waandishi wa programu wenzangu, na wewe mama yangu mzazi uliyepewa kiti cha mbele leo: hamjambo nyote.

Nimechoka. Nalisema mapema msije mkadhani ni huzuni ya kuagana.

Mmenisifu kwa kuandika programu ya foleni inayoendesha hospitali hii, nami nashukuru. Lakini hainichoshi programu. Wananichosha watu, na wengine wako hapa wanakula keki yangu. Tulikubaliana jambo dogo: kila fanksheni, yaani kila kipande cha programu chenye kazi yake, jina lake liseme ni ya nani. “omba_namba” ni ya wote. Itumieni mpendavyo, sitaibadilisha bila kuwaarifu. “_panga_foleni”, yenye kistari cha chini mbele ya jina, ni ya ndani. Tuachieni sisi, maana wakati wowote tunaweza kuibomoa na kuijenga upya. Hivi ukikaribishwa kwa watu, unapita sebule ukaenda jikoni kufunua masufuria?

Ndugu yetu wa mitambo ya duka la dawa, huyu tunayemwita Mkato, alikwenda jikoni: mitambo yake ikawa inatumia “_panga_foleni” moja kwa moja. Nikamwuliza, “Kaka, kistari hukukiona?” Akanijibu, “Nilikiona, dada. Ila huku ni haraka.” Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, hawakumjua Mkato.

Kisha nikaibadilisha ile ya ndani ili wazee waitwe kwanza. Asubuhi hiyo skrini za duka la dawa zikazimika zote, watu wakajaa koridoni, nawe Mheshimiwa ukanipigia simu: “Mama, rudisha kama zamani.” Nikarudisha. Tangu hapo, kila nikiomba Mkato apite mlango wa mbele, naambiwa tutakaa tulizungumze. Tumekaa mno, Mheshimiwa. Wanaosimama ni wazee.

Mwezi uliopita mama yangu alisimama kwenye foleni ile mpaka miguu ikamvimba. Akaniuliza, “Mwanangu, si ndiyo hii uliyoipanga wewe?” Nimweleze habari za kistari? Niliona aibu, nikamshika mkono tu.

Binti unayenirithi kazini, marekebisho ya kuwaita wazee kwanza yako tayari, na kazi unaiweza. Kinachokosekana ni neno la mkubwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, saa hii ya ukutani ni nzuri na nitaitundika, lakini zawadi niliyoitamani ni Mkato aamriwe kutumia “omba_namba” kama wenzake. Usinijibu sasa, hapa utapigiwa makofi ya bure. Jumatatu mama anarudi kuchukua dawa, nami sina tena ofisi ya kujifichia, nitasimama naye. Akiitwa mapema, nitajua umenijibu. Asipoitwa, pia nitajua.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana. Mama, inuka taratibu, twende nyumbani.