Bwana Kufuli na Mlango Uliobaki Wazi Nyumbani Kwake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wetu wa kitengo cha kompyuta, Bwana Kufuli kwa jina tulilompa wenyewe, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi hii ya ramani na mipango. Kamati ya sherehe iliomba mtu wa kuandika wasifu wake. Wote wakainamisha vichwa kama wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani. Nikanyoosha mkono mimi, katibu muhtasi, na kamati, Mungu aisaidie, ikakubali.

Alianza kazi wakati ofisi nzima ina kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na aliyeigusa bila ruhusa alikiona cha mtema kuni. Mtandao ulipokuja, akaleta faiawoli, ule ulinzi unaosimama kati ya kompyuta na dunia. Akafunga kila mlango wa mtandao. Akafunga na redio ya wahasibu, na siku moja akamfungia mkurugenzi barua pepe zake mwenyewe. Haki ya Mungu, virusi hatukuvijua. Kazi nazo zilikuwa hazifanyiki, lakini huwezi kupata vyote.

Kila mwajiriwa mpya alikalishwa kitako akafundishwa kwamba mlango kufungwa hakutoshi. Unatakiwa usionekane kabisa, mwizi akipita nje aone ukuta mtupu. Iko tovuti inayobisha milango ya kompyuta yako kutoka nje, kisha ikakuambia ipi inaonekana. Bwana Kufuli aliipima hivyo kompyuta yake ya nyumbani kila Jumapili, na Jumatatu akabandika majibu ubaoni, jirani na tangazo la usafi wa choo: hakuna mlango unaoonekana. Tulimpigia makofi, wajinga sisi.

Asilotuambia ni kwamba nyumbani alikuwa na programu ya kugawana mafaili, ile ambayo wewe unachukua filamu kwa watu usiowajua, na wao wanachukua kwako. Programu hiyo haiendi vizuri bila mlango wazi, basi akaufungua kwa mkono wake. Na kwa kuwa ilikuwa inachelewesha kipimo, kila Jumapili aliizima kwanza, na mlango wake ukapotea nayo, akapima, akafurahi, akaiwasha tena. Jamani! Hata mlinzi wa geti letu, anayelala kwa zamu, asingefanya hivyo.

Folda aliyoiruhusu igawanwe haikuwa ya filamu peke yake. Ilikuwa folda nzima ya nyaraka, pamoja na kazi za ofisi alizokuwa akizipeleka nyumbani, na humo mlikuwa na ramani ya soko jipya. Madalali wakaipata kabla ya mkurugenzi, wakaanza kuuza vibanda ambavyo havijajengwa. Mchawi akatafutwa. Bwana Kufuli akasimama kikaoni akasema mitambo yake haina tundu, kwa hiyo ramani imetoka kwa aliyeichapa. Aliyeichapa ni mimi. Nikasimamishwa kazi. Wauza mboga sokoni wakaanza kuniita Dalali, na mama mkwe akaniuliza kwa upole nimejipatia vibanda vingapi. Nililia, sifichi.

Kisha makao makuu wakamtuma mkaguzi, mama mmoja asiye na haraka, aliyesoma majibu ya ubaoni akaomba aoneshwe kipimo chenyewe, huko huko nyumbani. Bwana Kufuli akapima: safi. Mkewe, ndiye aliyenisimulia haya, alikuwa akipita na trei ya chai.

"Baba watoto, mbona leo umeizima ile ya filamu? Tamthilia yangu imefika nusu."

Mkewe akaweka trei, akainama akaiwasha mwenyewe. Mkaguzi akaomba kipimo kirudiwe. Mlango ukaonekana, wazi kabisa, na kati ya vitu vilivyokuwa vikigawanwa, ramani ya soko ilikuwa imekaa baina ya filamu mbili za mieleka.

Nikarudishwa kazini. Tangazo likasema hitilafu ya kiufundi imerekebishwa na katibu muhtasi amerejea kutoka likizo. Likizo! Bwana Kufuli akawa ananipita koridoni huku anakagua viatu vyake. Mkewe alinipigia simu kunipa pole, na namshukuru mbele yenu. Bwana Kufuli mwenyewe hajaniomba radhi mpaka leo, na sokoni bado naitwa Dalali.

Tunamshukuru kwa miaka yote aliyotulinda na kwa virusi tusivyoviona. Tunamtakia afya njema, wajukuu wenye adabu na intaneti ya kasi. Wasifu huu utasomwa kwa sauti, kisha kipaza sauti atakabidhiwa yeye. Wakurugenzi wapo, mama mkwe wangu yupo, na wale wauza mboga nimewaalika mwenyewe, wamekaa safu ya mbele. Bwana Kufuli, sentensi moja inatosha, useme: "Ramani ilitoka kwangu." Usiwe na haraka. Nimeshazungumza na wapishi, chakula kitasubiri.