Barua ya Onyo na Migunga ya Mwatsumbe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, mgeni wetu rasmi. Wazee wa kaya. Masheikh na wachungaji wetu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Msambweni, Galu na hata Kibuyuni. Na wewe mwenye siku yako, Bi Jumwa Baya: wakubwa shikamooni, na amani iwe juu yetu sote.

Mimi ni Abdurahman Chome, mwenyekiti wa kamati ya msitu huu wa Mwatsumbe. Leo Bi Jumwa anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuulinda, na kazi yangu ni kumsifu. Nitamsifu. Lakini kwanza nina la kukiri.

Mnakumbuka pahali hapa palivyokuwa wachoma makaa walipoondoka? Jua na vumbi. Mti wa kwanza kurudi ulikuwa mgunga, ukarudi kwa wingi na kwa miiba, ukatamalaki pande zote. Nasi wakulima, tangu lini tukaona miiba tukanyamaza? Kwetu shamba safi ndiyo heshima ya mwenyewe. Nikatoa amri migunga yote ifyekwe, majani yafagiwe, tupande miche ya mbambakofi, mti wetu wa asili, kwa mistari huku wageni wakipiga picha.

Upande wa magharibi ukafyekwa, ukang'ara kama uwanja wa mpira. Upande wa mashariki ulikuwa wa Bi Jumwa, naye akaliweka panga chini. Nikamwuliza, "Bi Jumwa, mbona hufyeki?" Akanijibu, "Mwenyekiti, mgunga huu ni yaya. Ukimfukuza yaya, mtoto utamwachia nani?" Hasira zikanipanda. Nikamwandikia barua ya onyo kwa uvivu na ukaidi, nikaipiga na mhuri.

Basi, jamani! Miche yetu ya picha ilikauka kabla ya vuli. Tukapanda tena, ikakauka tena. Mara ya tatu ikaliwa na mbuzi wa jirani yangu, ambaye simtaji, ila amekaa safu ya pili. Kwa Bi Jumwa mambo yalikuwa mengine kabisa. Kivuli cha mgunga kilitunza unyevu, majani yakaoza yakawa mbolea, miiba ikawazuia mbuzi, na ndege hondohondo wakaja kutua, wakaangusha mbegu ambazo hakuna kamati iliyozitafuta. Mibambakofi ikaota yenyewe. Na kivuli kilipozidi, miche ikaanza kudumaa, ni yeye huyu huyu aliyekata matawi machache tu, kiasi cha kufungua dirisha. Yaya mwema hujua siku ya kumwachia mtoto atembee.

Leo miti ile imenipita kimo, nami si mfupi. Wanafunzi wa chuo kikuu wanakuja kuipima, na wakifika wanamwuliza Bi Jumwa, hawaniulizi mimi. Tunajivunia! Mimi najivunia kupita nyote, maana najua nilivyokaribia kuiua.

Tulimwuliza anataka zawadi gani. Tulidhani atasema kitanda, au leso za kugawia wenzake. Akasema, "Niondoleeni ile barua kwenye faili. Wajukuu wangu wasije wakasoma kwamba nilikuwa mvivu." Nasema mbele yenu, nililia.

Hii hapa, Bi Jumwa, na mhuri wake. Ichukue, uifanye utakavyo. Pale failini nimeweka nyingine ya mstari mmoja: "Jumwa Baya alijua, mwenyekiti hakujua." Nayo nimeipiga mhuri.

Mheshimiwa, najua shimo la mche utakaoupanda leo lilichimbwa kule uwanjani kwangu, upande wa magharibi, penye mwanga mzuri wa picha. Niwie radhi, nimelifukia asubuhi. Mche wako unakungoja chini ya migunga, na kule hata mheshimiwa huingia kwa kuinama. Bi Jumwa atatangulia. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Sasa simameni tumfuate.